Mwenye mawazo si mwenye kutafakari

Asubuhi moja mwezi uliopita nilikuwa ndani ya matatu ya kutoka Githurai kwenda mjini Nairobi, na mtangazaji wa redio akawauliza wasikilizaji swali: ukipewa saa moja ya bure leo, hakuna kazi, hakuna wa kukuita, utaifanyia nini? Wa kwanza kupiga simu alisema atalala. Wa pili akasema atalala. Wa tatu, mama mwenye sauti ya mtu aliyeamka kabla ya jogoo, akasema atalala, akiamka ageukie upande wa pili alale tena, na gari zima likacheka. Wa nne alikuja moto: saa ya bure ni ya watu wa Runda, mtaa wa matajiri, huku kwetu tunatafuta unga.

Hakuna hata mmoja aliyesema ataketi aangalie maisha yake yanaelekea wapi. Siwalaumu. Ila siku hizi kila upande tunaambiwa "tenga muda wa kutafakari". Kasisi anasema, daktari kwenye runinga anasema, bosi naye anasema. Rafiki yangu alipokea ujumbe wa kazini uliowahimiza wafanyakazi watenge muda wa kutulia na kutafakari. Uliingia saa nne na nusu usiku, na chini yake kulikuwa na ripoti ya kuwasilishwa kesho yake asubuhi. Kila anayelitumia neno hilo ana lake moyoni, na msikilizaji anabaki akidhani anaambiwa alale, au asali, au aende kustarehe Naivasha. Tuyatenganishe maneno kwanza.

Kupumzika kunatokana na pumzi. Ulikuwa unahema, sasa unaivuta pumzi irudi. Kulala, kula bila haraka, kunyoosha miguu, kupiga soga na jirani, yote hayo ni kupumzika. Kazi yake ni kurudisha nguvu, basi.

Kutua ni kuweka mzigo chini. Ukipita soko la Marikiti alfajiri utawaona wabebaji wenye magunia ya viazi mabegani. Mmoja akisimama, akatua gunia, si kwamba amefika. Anabadilisha bega, anaangalia kama njia ya mbele imezibwa na mkokoteni, anajiuliza kama gunia limefungwa sawa. Kutoka neno hilo tumepata kituo, pale matatu inaposimama watu washuke na wengine wapande. Washairi nao wana kituo chao: mshororo wa mwisho wa ubeti, pale wazo linaposhushwa.

Kutafakari ndilo jambo unalolifanya ukishatua. Unaitazama hali uliyopitia, au ile inayokuja, unaiuliza maswali mpaka upate jambo ambalo dakika kumi zilizopita hukuwa nalo. Linaweza kuwa dogo sana. "Kumbe huwa nagombana na watoto siku nilizokosa chakula cha mchana." Hiyo tayari ni tafakari iliyokamilika.

Halafu kuna kuwa na mawazo, na hapa ndipo penye fundo.

Kwa Kiswahili chetu, ukisema "yule ana mawazo", hukumsifu. Umesema ana dhiki. Mtu akikaa peke yake kimya kwenye ngazi za ploti, wa kwanza kupita atamuuliza, "Mbona una mawazo hivyo?" Lugha imetuzoesha kumwona anayefikiri peke yake kama mgonjwa wa kutembelewa. Nadhani ndiyo sababu mojawapo wengi wetu tunaogopa kukaa kimya. Tunajua tukinyamaza, kodi ya nyumba itaongea, karo itaongea, na yule mtu tuliyekosana naye ataongea kwa sauti kuliko wote.

Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo tusiipuuze. Mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, alitumia miaka mingi kuchunguza watu wanaorudia rudia shida zao kichwani, na aliona kwamba tabia hiyo huenda pamoja na huzuni nzito inayodumu. Lakini mwaka 2003, yeye na wenzake walipoyapekua upya maswali waliyokuwa wakiwauliza watu, walikuta mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa kwenye furushi moja. La kwanza ni kuatamia shida: kwa nini mimi, kwa nini kila mara, kwa nini wenzangu wanaweza. La pili ni kuichambua shida kwa nia ya kuielewa. Lile la kuatamia lilihusiana na huzuni iliyozidi kadiri siku zinavyopita. Lile la kuchambua liliweza kuandamana na maumivu wakati ule ule, ila baadaye likahusiana na nafuu.

Soma hiyo sentensi ya mwisho mara mbili. Kutafakari kunaweza kuuma. Anayekuahidi kwamba ukikaa dakika tano ukavuta pumzi utainuka umejaa amani, anakuuzia kitu.

Kama bado tofauti hiyo ni ya mbali, fikiria gari lililonasa kwenye matope ya barabara ya ndani, mvua za Aprili. Injini inanguruma, gurudumu linazunguka, mafuta yanaisha, na gari liko pale pale, tena linazidi kuzama. Hayo ndiyo mawazo. Kutafakari ni dereva kuzima injini, kushuka, kuinama na kutazama gurudumu lipi limenasa na wapi pana jiwe. Kwa mtu aliye mbali, dereva anayengurumisha na aliyezima wote wamesimama. Ukitaka kujua uko wapi kati ya hayo mawili, jiulize kama umepata jambo jipya tangu uanze. Ukiona ni maneno yale yale yanarudi kwa mara ya kumi, zima injini, inuka ukaoshe vyombo. Na ikiwa mzunguko huo umekuwa wa kila siku kwa wiki nyingi, usingizi umekimbia na chakula hakina ladha, hapo si suala la kujitafutia muda tena. Ni la kumwona mhudumu wa afya, na hospitali za umma zina watu wa kazi hiyo, si Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, peke yake.

Kuna hila mbili za kulikwamua gurudumu. Moja ni kuandika. Mwaka 1986, mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Wengine walipewa mambo ya kawaida, wengine tukio lililowahi kuwaumiza, pamoja na walivyojisikia. Miezi iliyofuata, waliochanganya tukio na hisia zao ndio waliokwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Nina maelezo yangu ya kienyeji juu ya hilo: kichwani sentensi haina mwisho, lakini kwenye karatasi lazima uweke nukta. Nukta ni kituo. Ukishaiweka huna budi kuamua sentensi inayofuata ni ipi, na ni shida kuandika "kwa nini mimi" mara kumi bila kujiona kichekesho.

Hila ya pili ni kujiita jina. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake wamechunguza watu wanaojizungumzia kwa jina lao badala ya kusema "mimi", na wakaona kwamba umbali huo mdogo huwapunguzia wasiwasi. "Wanjiru, leo mkutanoni kulikuwaje?" Unajipa ile busara uliyo nayo kila siku kwa shida za rafiki yako, na ambayo hukosa kuwa nayo kwa shida zako.

Kichwa hakizimwi

Wengi husema wamejaribu kutulia wakashindwa, kwa kuwa akili ilikataa kunyamaza. Lakini nani alisema itanyamaza? Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, na hula karibu asilimia 20 ya nguvu zake, hata ukiwa umekaa tu. Mwaka 2001, Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walieleza kwamba zipo sehemu za ubongo ambazo hufanya kazi zaidi pale mtu anapoacha kushughulika na jambo la nje. Tangu hapo sehemu hizo zimehusishwa na kukumbuka yaliyopita, kuwazia yajayo na kuwafikiria watu wengine. Ukitua, basi, ubongo hauondoki kazini. Umebadilisha zamu tu.

Zamu hiyo haifurahishi kila mtu. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake walichapisha jaribio lililowachekesha wengi. Waliwaacha watu chumbani dakika 15 bila simu wala kitabu, wakiwa na mawazo yao tu, pamoja na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme ambayo wenyewe walikuwa wameionja na kusema wangelipa pesa waikwepe. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga. Wanawake walikuwa 6 kati ya 24. Ukisoma hivyo unaelewa kwa nini msongamano wa Barabara ya Mombasa hautupi tafakari yoyote ingawa unatupa saa nzima ya kukaa. Mkono unaenda mfukoni wenyewe. Kidole kinapandisha video moja, nyingine, nyingine. Sisemi ni dhambi. Ni burudani, na baada ya siku mbaya burudani ni halali yako. Ila tusiiite mapumziko ya akili, kwa sababu kila video ni kazi mpya uliyoipa akili uanze na kuiacha njiani.

Kuhusu kuanza na kuacha njiani, kuna jambo ambalo mtu yeyote wa ofisini atalitambua. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akitoka kazi moja kwenda nyingine, hasa ile ya kwanza ikiwa haijaisha, sehemu ya akili yake hubaki nyuma, na kazi ya pili huumia. Mfikirie mpishi wa chapati pale kibandani. Anakanda unga, mteja anataka chenji, anafuta mkono haraka kwenye leso na kushika noti. Noti inapata unga. Anarudi kukanda, unga unapata uchafu wa noti. Hajakosea popote, isipokuwa hana ile nusu dakika ya kunawa. Sasa weka mikutano minne mfululizo kuanzia saa tatu asubuhi, kisha ujiulize kwa nini kwenye ule wa nne hakuna anayekumbuka kilichoamuliwa kwenye ule wa pili.

Kusimama chumba cha upasuaji

Anayesema kutua ni uvivu wa kazini nampeleka Ifakara. Kati ya mwaka 2007 na 2008, hospitali nane za miji minane duniani, mojawapo ikiwa huko Ifakara, Tanzania, zilijaribu orodha fupi ya Shirika la Afya Duniani yenye mambo 19. Mara tatu katika kila upasuaji timu inasimama: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Wanatajana majina na kazi zao. Wanathibitisha huyu ni nani, anapasuliwa nini, upande upi. Wanaulizana kuna hatari gani mbele.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakikununuliwa chombo cha mamilioni. Madaktari walewale, wauguzi walewale, vituo vitatu vya muda mfupi.

Angalia kilichokuwa ndani ya vituo hivyo. Hawakusimama wakanyamaza tu. Walisimama wakaulizana. Ndiyo maana nakosa subira na makampuni yanayoleta mwalimu wa kuvuta pumzi mara moja kwa mwaka, halafu Jumatatu kazi inaendelea vilevile, na hakuna aliyeuliza mradi wa mwezi jana ulianguka kwa nini. Bora wangekosa mwalimu wakapata dakika kumi za kuulizana kila Ijumaa: tulitaka nini, tulipata nini, kilichotutenga na tulichotaka ni nini.

"Hayo ni ya wenye pesa"

Turudi kwa yule mpigaji simu wa nne, maana ana hoja. Muda haukugawiwa sawa. Anayeishi Rongai na kufanya kazi Westlands anaweza kuacha saa nne za siku barabarani. Mama mboga anayekwenda Marikiti saa kumi alfajiri na kufunga kibanda saa tatu usiku hahitaji kuhubiriwa juu ya machweo ya jua.

Walioajiriwa wana sheria upande wao, na inashangaza ni wangapi hawaijui. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21, yenye malipo kamili, kwa kila miezi 12 ya utumishi. Likizo hiyo inaweza kugawanywa kwa makubaliano, lakini kama hakuna makubaliano mengine, kipande kimoja kinapaswa kuwa cha wiki mbili za kazi zisizokatizwa. Kanuni za mishahara nazo zinaweka saa 52 kwa juma la siku sita kama kiasi cha kawaida. Linganisha na hili: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Kutoka 52 hadi 55 ni saa tatu tu, na saa za matatu hazimo kwenye hesabu hiyo.

Kuhusu ujumbe wa saa nne na nusu usiku, sheria ya Ufaransa juu yake ilianza kutumika mwaka 2017. Hapa kwetu, mwaka 2022 mswada wa Seneta Samson Cherarkey ulitaka mfanyakazi asilazimike kujibu simu za kazi nje ya saa za kazi. Shirikisho la Waajiri liliupinga.

Lakini likizo, hata ukiipata yote 21, ni ya kupumzika kwanza. Ukitarajia siku tano za Mombasa zikufafanulie miaka mitano ya maisha, utarudi na ngozi iliyoungua na maswali yaleyale.

Na huyu mama mboga, ambaye hana likizo, usidhani hatafakari. Jioni akishafunika nyanya huchukua lile daftari lenye kona zilizojikunja, anafunga hesabu. Nani amekopa. Sukuma ilibaki mafungu mangapi. Kesho ninunue kidogo? Hiyo ni tafakari iliyo hai, na haina mshumaa wala muziki wa kinanda. Waislamu wana neno muhasaba, mtu kujihesabu nafsi yake kabla ya kulala, na neno hilo lina mzizi mmoja na hesabu tunayoipigia sukuma wiki. Wana na itikafu, kujitenga msikitini, hasa siku kumi za mwisho za Ramadhani. Waadventista wanaitenga Sabato yao ya Jumamosi. Wakatoliki wa mjini utawaona mchana Basilika ya Familia Takatifu, wamekuja na sare za kazi. Kwa hiyo anayesema hili ni jambo la kizungu lililoletwa na simu, hajamsikiliza bibi yake. Tulichopoteza ni kuyatumia mazoea hayo kwa jambo lisilo pesa wala sala. Tunafunga hesabu ya nyanya kila siku, hesabu ya ndoa mara moja kwa miaka kumi, tena mbele ya wazee.

Mahali nalo huwatatiza watu kuliko inavyostahili. Karura ni msitu mzuri, ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999, lakini ni wa kulipia na ni mbali kwa aliye Kayole. Bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, pale ubalozi wa Marekani uliposimama mpaka bomu la 1998, ina utulivu wa kushangaza hatua chache kutoka kelele za steji, na majina ya waliokufa ukutani hukufanya upange mambo yako upya bila kuambiwa. Mimi huenda bustani ya Jeevanjee katikati ya mji, ambako hakuna utulivu wowote. Kuna wahubiri watatu kwa mara moja, kuna wale wa Bunge la Mwananchi, raia wa kawaida wanaokutana kujadili siasa, wakibishana juu ya bajeti, na njiwa. Nakaa na daftari dakika 15. Mara ya kwanza mzee mmoja aliinama akaniuliza, "Kijana, uko sawa? Una mawazo?" Nikamwambia sina, nafunga hesabu. Akaniuliza nauza nini.

Maswali yangu ni matatu, na nimeyaiba kwa makanga wa ile matatu ya Githurai, ambaye nimekuwa nikimwona kwa miaka. Jioni, yeye na dereva huegesha gari kando, wanahesabu noti kwa mafungu. Nilidhani wanatafuta tu hela ya mwenye gari. Siku moja nikiwa abiria wa mwisho nikawasikia. Safari ipi ilitulipa? Ipi ilitula? Kesho tufanye nini tofauti? Walikuwa wamegundua kwamba safari ya saa tisa alasiri, kila siku, hurudi na viti vitupu na mafuta hulipwa kutoka safari ya asubuhi. Miaka miwili waliiendesha hivyo kwa sababu gari linalosimama linaonekana limeharibika.

Siku hizi ukipita pale steji saa tisa utalikuta gari limezimwa, milango wazi, na makanga yuko kibandani na kikombe cha chai.